Handaki Lililosubiri Mgeni Rasmi

Ipo nchi moja, haiko mbali wala haiko karibu, ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa kuwa sheria ya huko inamtaka kila alisikiaye asimame wima, na msomaji huenda amekwisha kaa vizuri. Ni nchi inayotunzwa. Barabara zake zina vibao vinavyoonyesha zitakapopita, na hospitali zake zina mawe ya msingi ya marumaru yanayong'aa kuliko hospitali zenyewe.

Nchi hiyo ina vimbunga. Si zile pepo za masika zinazong'oa mabati mawili matatu na kuwapa majirani mazungumzo. Ni vimbunga vyenyewe: wingu jeusi linashusha mkia, mkia unagusa ardhi, na kila unachokigusa kinahama. Hushuka zaidi katika Wilaya ya Ukingoni, ambako ardhi ni tambarare na upepo hauna wa kumwomba njia.

Serikali haikukaa mikono kifuani. Iliunda Wizara ya Majanga na Sherehe. Wageni hushangazwa na muungano huo, lakini sababu yake ni ya kiuchumi: majanga na sherehe vyote huhitaji mahema, viti vya plastiki, vipaza sauti na maji ya chupa, na isingekuwa busara kununua mara mbili. Wizara ikafunga king'ora juu ya mnara wa Ukingoni ili mkia ukionekana watu waonywe.

King'ora kilifanya kazi bila hitilafu. Tatizo lilikuwa kwamba watu wa Ukingoni walikwisha kulelewa na ving'ora. Tangu utotoni walijua kuwa king'ora kikilia kuna mkubwa anapita, na mkubwa anapopita raia hutoka nje, hujipanga kando ya barabara na kupunga mikono. Basi kilipolia mara ya kwanza walitoka, wakajipanga, wakapunga. Tume iliyochunguza vifo vile iliandika kwamba nidhamu ya marehemu ilikuwa ya kupigiwa mfano.

Ndipo likachimbwa handaki. Lilikuwa handaki zuri, hilo halina ubishi: zege nene, halina dirisha hata moja, liko chini ya ardhi, na linameza mji mzima. Likakamilika, likapakwa rangi, likafungwa kufuli, na ufunguo ukapelekwa makao makuu kusubiri uzinduzi. Itifaki ya nchi ile iko wazi juu ya jambo hili: jengo ambalo halijazinduliwa bado halipo. Vimbunga viwili vilipita handaki likiwa halipo. Cha pili kilimkuta Mzee Mapande, seremala mstaafu, ameuegemea mlango wa handaki hilo. Wizara ilituma rambirambi zilizosema kuwa marehemu alifia karibu kabisa na huduma.

Mzee huyo aliacha mjane, Bi. Kidawa, na mtoto mmoja, Sudi. Na Sudi Mapande ndiye aliyekuwa afisa itifaki wa wilaya.

*

Sudi hakuwa mtu wa machozi. Alimzika baba yake, akarudi ofisini, akaanza kuandika barua za kumwomba Waziri aje kuzindua. Aliamini kwamba mambo yana taratibu, na kwamba taratibu zikifuatwa mpaka mwisho, mwisho wake ni mlango uliofunguliwa. Alitaka jambo moja tu: mama yake awe ndani ya handaki lile kabla mkia haujashuka tena. Mengine yote, hata cheo, aliyahesabu kuwa ni mapambo.

Waziri alikubali. Siku ikapangwa, mahema yakasimikwa, viti vikapangwa. Meza kuu ikavikwa kitambaa cheupe na maua ya plastiki, na chini ya maua, juu ya mto wa velveti, ukalazwa mkasi. Ufunguo ukaletwa kwa gari lake lenyewe. Kwa kuwa mgeni rasmi hawezi kuhangaika na kufuli, mlango ukafunguliwa mapema, ukaachwa wazi kabisa, na mbele yake ukavutwa utepe mwekundu kwenye kimo cha kiuno cha Waziri, ambacho Sudi alikuwa amekiulizia kwa maandishi.

Hivyo asubuhi ile watu wa Ukingoni waliketi wakitazama ngazi pana za zege zikiteremka kwenye giza la usalama, na kati yao na usalama huo hapakuwa na kitu isipokuwa kitambaa chembamba kama mkanda wa shule.

Walikuwa wamevaa fulana za Wizara zilizoandikwa KIMBUNGA KITATUKUTA TUMEJIPANGA. Mtaalamu kutoka makao makuu aliwafundisha namna ya kujikinga, naye, kwa haki, alifundisha sawasawa. Alisema kimbunga kikija usibaki ndani ya gari, usikae karibu na dirisha, usikimbilie chini ya daraja, na hasa usikae kwenye hema. Shuka chini ya ardhi, inama, funika kichwa kwa mikono. Watu walimpigia makofi wakiwa ndani ya mahema.

"Kuna swali?" akauliza.

Mwanamume mmoja wa viti vya nyuma, fundi baiskeli aitwaye Mashaka Tindo, akainua mkono. "Mtaalamu, tumeelewa. Kikija tushuke chini ya ardhi. Sasa kikija leo?"

"Leo kuna uzinduzi," mtaalamu akajibu.

"Ahsante. Nilitaka niwe na uhakika."

Saa za mgeni rasmi zikafika, zikapita. Kwaya ikaimba nyimbo zake zote, ikarudia. Shekhe na mchungaji waliomba dua kwa zamu mpaka wakaanza kubadilishana mawazo. Upande wa magharibi, juu ya mashamba ya alizeti, wingu lilikuwa limeanza kupata rangi ya kijani kama shaba iliyolala nje.

*

King'ora kililia mchana.

Uwanja mzima ukasimama kwa furaha. Watu walitoka kwenye mahema, wakakimbilia barabarani, wakajipanga pande mbili, wafupi mbele, warefu nyuma. Kwaya ikaanza "Karibu Mheshimiwa." Bi. Kidawa, aliyepangiwa kumvisha Waziri shada la maua, akasukumwa mbele kabisa.

Simu ya Sudi ikaita. Alikuwa Chiku, mlinzi wa mnara.

"Sudi, nimewasha king'ora."

"Nimesikia. Msafara umefika wapi?"

"Msafara gani? Mkia umeshuka. Umevuka kinu cha mafuta, yaani kinu ndicho kilichouvuka, kikiwa hewani. Waondoe watu, ndugu yangu."

Sudi alikwenda kwenye meza kuu alikoketi Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Galus Mkwezi, mtu mwenye umbo la heshima na suti ya vipande vitatu. Akamwinamia sikioni.

"Mkuu, hicho si king'ora cha mgeni. Ni kimbunga."

"Kimo kwenye ratiba?"

"Hakimo, Mkuu."

"Basi tusubiri kilichomo."

"Mkuu, mtu wa mnarani amekiona."

"Sikiliza, Sudi. Tuseme ni mgeni, nawe umewaondoa watu barabarani. Anafika, anapunga mkono, hakuna wa kumpungia. Mimi nitaandika nini?"

"Na tuseme ni kimbunga?"

Mkuu wa Wilaya alifikiri kwa uadilifu. "Kimbunga hakipeleki taarifa makao makuu," akasema.

Sudi aliona kwamba hoja ile, kwa upande wa ajira, haikuwa na kasoro. Akatazama magharibi. Wingu lilikuwa na mkia, na mkia ulikuwa na paa la nyumba ndani yake. Akatazama barabarani. Watu waliuona mkia na vumbi lake, wakaamini ni magari mengi, wakazidi kupunga.

Mama yake peke yake ndiye aliyekuwa ameshusha mkono. Aliacha mstari, akamfuata mwanawe, shada la maua likining'inia mkononi kama kuku.

"Sudi, baba. Huo si ule uliomchukua mzee?"

"Ndio wenyewe, mama."

"Mlango uko wazi?"

"Uko wazi. Lakini utepe haujakatwa."

"Nimekuuliza mlango. Utepe sijakuuliza."

"Mama, nikiukata mimi nimekwisha kazi, na nikiusogelea mkasi tu nimekwisha vilevile."

"Nani kasema ukatwe? Mimi ni mtu mfupi."

Akakaza kitenge chake, akapiga magoti kwenye zulia jekundu lililotandikwa kwa ajili ya viatu vya Waziri, akainamisha kichwa, akapita. Utepe haukutikisika. Upande wa pili alisimama, akajifuta magoti, akamgeukia mwanawe kama mtu aliyemtangulia kuvuka kijito.

*

Sudi angeweza kumfuata, na hadithi ingekwisha kwa watu wawili kuokoka. Jambo alilolitaka lilikuwa limetimia. Lakini Bi. Kidawa hakushuka ngazi. Alisimama pale pale nyuma ya utepe akisema hasogei mpaka aione Ukingoni inaingia, kwani yeye si panya wa kujichimbia peke yake.

Kuwaambia watu wakimbie kusingesaidia. Watu wa nchi ile hawakimbii bila kuambiwa ni kipengele cha ngapi. Sudi akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, viongozi wa dini, ndugu wananchi, itifaki ikiwa imezingatiwa. Tunaingia katika kipengele kinachofuata cha ratiba yetu, ambacho ni wananchi kuonyesha kwa vitendo namna ya kujikinga. Mtaondoka barabarani, mtakwenda mlangoni, mtapita chini ya utepe bila kuugusa, na mtashuka mpaka chini kabisa. Kipengele hiki kinafanyika kwa mbio."

Walipiga makofi kwanza, kama ilivyo desturi, kisha wakaja.

"Kwaya tunaingia tunaimba au kimya?" akauliza kiongozi wa kwaya.

"Mnaimba. Ila mkiwa mnatambaa."

"Na sisi wa viti vya nyuma tunaingia baada ya nani?" akauliza Mashaka Tindo.

"Hakuna baada. Pita."

"Hapa ndipo nilipojua mambo ni mabaya," Mashaka alimwambia mwenzake huku akiinama. "Serikali imesema hakuna foleni."

Wakapita. Walipita wazee wakisukumwa na wajukuu, na wanene wakivutwa na wembamba. Shekhe alipita, mchungaji akamshikia kilemba. Mtaalamu wa makao makuu alipita haraka kuliko wote, jambo lililothibitisha kuwa elimu yake ilikuwa ya kweli. Kila mgongo uliokaribia kuugusa utepe ulipigiwa kelele na uwanja mzima, "Shuka, shuka," nao ukashuka, na kwa namna hiyo watu wa Ukingoni walikuwa wanafanya hasa kile ambacho sayansi inashauri.

Sudi akarudi kwa Mkuu wa Wilaya. Maua ya plastiki yalikuwa yamekwisha ruka.

"Mkuu, tafadhali. Umebaki wewe."

"Nani alikuruhusu kuongeza kipengele?"

"Utaniuliza chini, Mkuu."

"Meza kuu haitambai, Sudi," akasema Mheshimiwa Mkwezi, akishika kitambaa cheupe kwa mikono miwili. "Ikitambaa meza kuu, kesho nani atasimama?"

Hema likang'oka nguzo moja. Sudi alimvuta mkono. Akavuta na kifungo cha suti, na kifungo ndicho kilichokuja. Akakimbia. Alipita chini ya utepe kwa tumbo, akiwa wa mwisho, na nyuma yake alisikia sauti kama ya treni ikipita mahali ambapo hapajawahi kuwa na reli.

*

Kulipotulia walikuwa hai wote waliokuwa chini. Palikuwa giza, pananuka rangi mpya, na kwaya ilikuwa bado inamkaribisha Mheshimiwa kwa sauti za chini. Juu hapakuwa na hema, kiti wala meza kuu. Utepe peke yake ulikuwepo, umekaza vilevile, kwa kuwa fundi aliyeufunga alionywa kuwa ukilegea atajibu.

Mheshimiwa Mkwezi alipatikana siku ya pili katika wilaya ya jirani, juu ya paa la ghala la pamba, amekaa, na kitambaa cheupe bado kiko mbele yake. Alikuwa mzima. Alifunguliwa mashtaka ya kuvuka mpaka wa eneo lake la utawala bila kibali.

Lakini kabla ya hapo alifika mgeni rasmi. Mheshimiwa Dakta Evaristi Ngonyamo, Waziri wa Majanga na Sherehe, aliteremka kwenye gari katikati ya uwanja mtupu, akazima king'ora chake, akatazama huku na huku.

"Wananchi wako wapi?"

"Tuko ndani, Mheshimiwa," Sudi akajibu kutoka kwenye ngazi.

Waziri aliutazama utepe, akautazama mlango, akautazama utepe tena. Alikuwa mtu wa akili nyepesi na aliliona kosa mara moja.

"Ndani ya jengo ambalo sijalizindua?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Toeni watu nje. Wakae, nisomewe risala, nikate utepe, halafu waingie. Vinginevyo hawa wameokoka kinyume cha taratibu."

Sudi alishuka akawaeleza. Alieleza kwa ukamilifu, kwani ndiyo kazi yake. Hakuna aliyenyanyuka.

"Mwambie tunamheshimu sana," akasema Mashaka Tindo gizani. "Tunamheshimu kutokea hapa."

Sudi hajafika juu kupeleka salamu hizo, Chiku akawasha tena king'ora cha mnara.

Waziri akabadilika rangi. Msafara wake ulikuwa umekwisha fika na king'ora chake kilikuwa kimya. Basi alikuwa anakuja mwingine, na juu ya Waziri katika nchi ile yupo mmoja tu.

"Hawakuniambia kwamba na Yeye anakuja," alinong'ona. Akafunga kifungo cha koti, akawapanga walinzi, madereva na mpiga picha wa televisheni ya taifa kando ya barabara, naye akasimama mbele yao, akaanza kupunga.

"Mheshimiwa," Sudi akaita, "huyo anayekuja hana cheo."

"Chunga ulimi wako, kijana."

"Mheshimiwa, tazama juu. Ni mkia wa pili."

Waziri akatazama juu. Yasemekana alipunga mara mbili zaidi, kwa mazoea, kabla mkono haujapata habari. Kisha akakimbia mpaka kwenye utepe, akasimama ghafla kama ng'ombe mbele ya ua.

"Mkasi."

"Umeondoka na meza kuu, Mheshimiwa."

"Ukateni kwa chochote."

"Hatuna ruhusa ya kuugusa. Ni wa mgeni rasmi."

"Nyinyi mliingiaje?"

Walinzi walikuwa wamekwisha kumpita, mmoja kulia, mmoja kushoto, kwa tumbo. Bi. Kidawa akasogea mlangoni, akainama ili macho yake yakutane na ya Waziri kwa chini.

"Kwa magoti, baba," akasema kwa upole. "Njoo, hapa pamefagiliwa."

Mheshimiwa Dakta Ngonyamo akaingia kwa magoti. Watu wa Ukingoni, kwa adabu waliyolelewa nayo, waligeuza nyuso ukutani. Mpiga picha hakugeuza kamera, kwa sababu alikuwa ameajiriwa asiigeuze.

*

Usiombe kuwa na picha kama ile katika nchi kama ile. Haikuwezekana kuifuta, kwa kuwa ilikwisha rushwa moja kwa moja. Kwa hiyo ikaelezwa. Taarifa ya habari ilisema kwamba Mheshimiwa Waziri amezindua handaki la Ukingoni kwa mtindo mpya unaodhihirisha unyenyekevu wa serikali, na wiki iliyofuata ukatoka waraka: kuanzia sasa majengo yote ya umma yatazinduliwa kwa mgeni rasmi kutambaa chini ya utepe. Mafundi cherehani wa mji mkuu wakaanza kushona suti zenye sufi magotini. Shule moja ya kaskazini ilisubiri miezi mingi kwa sababu mgeni wake rasmi aliumwa kiuno.

Waraka huo ndio uliomtia Sudi matatani. Kama kutambaa ndiko kuzindua, basi aliyetambaa kabla ya Waziri alizindua kabla ya Waziri. Bi. Kidawa alisamehewa kwa umri wake, na mji mzima ukasamehewa kwa sababu hapakuwa na gereza la ukubwa huo. Afisa itifaki hakuwa na sababu ya kusamehewa. Akasimamishwa kazi, akaitwa mbele ya Kamati ya Nidhamu, wajumbe watano nyuma ya meza yenye maua.

"Ulijua kwamba utepe haujakatwa?" mwenyekiti akauliza.

"Nilijua."

"Ulijua kwamba kimbunga kinakuja?"

"Nilijua."

"Sasa tusaidie, Bwana Mapande. Ulikuwa kati ya vitu viwili, utepe na kimbunga. Wewe ulikiogopa kipi zaidi?"

Sudi alifikiri. Alikumbuka kwamba kipaza sauti kilikuwa mkononi na mkasi ulikuwa hatua chache tu, na kwamba mji wote ulilazimika kutambaa kwenye vumbi, wazee na wajawazito, upepo ukiwa mgongoni.

"Utepe, Mheshimiwa Mwenyekiti. Ndiyo maana nilipita chini yake."

Wajumbe wakatazamana, nyuso zao zikalegea. Mmoja alisema kuwa mtumishi wa namna hiyo hapatikani siku hizi. Wakamrudisha kazini palepale, na mwenyekiti akamshika mkono.

Sudi alikwenda nyumbani kwa miguu. Mama yake alimkuta mlangoni akamuuliza imekuwaje, naye akasema amerudishwa.

"Uliwaambia uongo gani?" akauliza Bi. Kidawa, akimpisha aingie.

Sudi alisimama kizingitini akitafuta mahali alipowadanganya, na hakupaona.